Masomo Manne ya Dada Mkasi

Mimi ni msusi, na kazi yangu hainikatazi kusema. Dada yangu ni mshonaji, na yake imemzoesha kunyamaza, maana mdomoni mwake hamkosekani pini. Wateja wanamwita Mkasi. Chumba chetu cha mbele kina cherehani upande mmoja na kiti changu cha kusukia upande wa pili. Katikati anakaa Mama, akifaidi umbea wa pande zote mbili.

Mama alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwingia polepole, miaka ikapita, mpaka akawa anatutambua kwa sauti na vishindo vya miguu tu.

Dada alianza chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na sita. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa nini nidanganye? Mama hakucheka. Alimsindikiza mpaka mlangoni akipapasa ukuta, akamwambia, "Usome, mwanangu. Na wavulana wa huko usiwasikilize."

"Mama, mimi na wavulana wapi na wapi?"

"Ndivyo wasemavyo wasichana wote."

Na kila asubuhi akawa anamwambia hivyohivyo.

Chuo kilikuwa na bima ya matibabu kwa wanafunzi wa muda wote, nayo ilimhudumia pia mzazi anayetunzwa na mwanafunzi. Kwa bima hiyo Mama aliwekwa kwenye foleni ya upasuaji wa macho. Foleni yenyewe ilikwenda kwa mwendo wa konokono, lakini hatimaye zamu yake ikapangwa katikati ya muhula wa mwisho wa Dada.

Sasa sikilizeni balaa. Mshonaji mzuri hakati kitambaa sawasawa na mwili wa mtu. Huacha cha ziada ndani ya mshono, ili mteja akinenepa nguo ipanuliwe. Dada alisoma hivyohivyo. Wenzake wakichukua masomo manne kwa muhula, yeye anachukua matano, mara sita. "Akiba haiozi," alikuwa akiniambia. Basi akaufikia muhula wa mwisho amebakiwa na masomo mawili tu, akajiona mjanja.

Mshauri wa masomo, kijana mpole, alimpa hongera kwanza. Kisha akamwambia, "Ila mama, chini ya masomo manne wewe si mwanafunzi wa muda wote tena."

"Na bima?"

"Bima itasimama."

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani bila kushona. "Nani alisema akiba haiozi?" aliniambia kwa sauti ya chini, Mama asisikie. "Yangu imeoza."

Jamani, niliwaka! Nikamvuta uani, nikakisema chuo, nikaisema kanuni, nikamsema na aliyeitunga. Mtu anasoma kwa bidii anaadhibiwa, lakini angekuwa mvivu angemtibu mama yake! Dada aliniacha nipayuke mpaka nikachoka.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Kelele zako hazijaniongezea somo hata moja. Nguo ikibana, unatafuta kitambaa unaongeza."

Kesho yake akarudi chuoni. Masomo yaliyokuwa bado na nafasi yalikuwa mawili, kwaya na mazoezi ya viungo. Akayachukua yote mawili. Akajishonea suruali ya michezo, akanunua raba. Nyumbani akawa anafanya mazoezi ya kuimba, na Dada yangu akiimba, mbwa wa jirani huhama. Mama alisikiliza siku ya kwanza, akasema, "Siku hizi wanawafundisha kulia?"

Kuimba kulikuwa nafuu. Kukimbia ndiko kulikomtesa, mpaka goti likavimba. Nilimkanda kwa maji ya moto nikimwambia, "Acha hilo somo, Dada. Utabaki kilema."

"Nikiliacha nabaki na matatu. Matatu si manne."

"Kwani kuna nini?" Mama akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Amejikwaa tu, Mama."

"Amejikwaa akiangalia wavulana," Mama akasema, na Dada, pamoja na maumivu yake, akacheka.

Siku ya upasuaji, karani wa hospitali alitazama kwenye kompyuta yake, akauliza, "Binti bado ni mwanafunzi wa muda wote?" Dada akajibu ndiyo, kwa sauti ambayo kwenye kwaya hajapata kuitoa.

Siku ya kufungua bandeji nilikuwa na Mama peke yangu, maana Dada alikuwa na mtihani wa kukimbia. Muuguzi akaitoa taratibu, akasema, "Haya bibi, tazama."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Mama akamjibu, wodi nzima ikacheka. Akaniangalia mimi, akasema nimenenepa. Nilifurahi mpaka nikasahau kukasirika.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Dada akaingia akichechemea, na ile suruali ya michezo, raba zina vumbi, jasho linamtiririka, kitambaa cha kichwa kiko mkononi, mvi zote wazi. Akamwona Mama anamtazama. Alitaka kusema, sauti ikagoma.

Mama akanigeukia. "Huyu bibi ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Dada akasogea, akapiga magoti kando ya kitanda, na goti lake bovu. Mama akanyoosha mikono akampapasa kichwa kama alivyozoea, na vidole vikamtambua. Kisha akaziangalia zile mvi kwa muda mrefu, akizipitisha vidoleni.

"Mwanangu," akasema. "Na mimi kila asubuhi nakukataza wavulana."