Marehemu Aliyekuja Dawatini Kwangu

Mtu aliyekufa alinipa mkono saa tatu asubuhi, na mkono wake ulikuwa na joto kuliko wangu.

Sitanii.

Nafanya kazi benki kubwa, zile za ghorofa na vioo vitupu, ambako hata kikombe cha chai kina nembo. Niko huduma kwa wateja. Siku hiyo alikaa mbele yangu mzee mmoja, fundi seremala mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kadi imegoma."

Nikaingiza namba yake. Kompyuta ikaandika: MTEJA AMEFARIKI.

"Mzee... humu inasema umefariki."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nimekufa, na mke wangu hajaniambia?"

Kicheko kikakatika. Akanieleza kwamba mkewe alikuwa anasubiri upasuaji wa macho, na hela yake ilikuwa humo kwenye akaunti. Madaktari bingwa walikuja kwa wiki moja tu, na hospitali ilitaka malipo mwisho Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Nikapiga simu makao makuu.

"Leteni cheti cha kifo," dada wa huko akasema.

"Dada, mwenyewe yuko hapa, anapumua!"

"Basi alete barua ya serikali kwamba yu hai. Halafu siku saba za kazi."

Nikamkimbilia meneja. Sisi tulimwita Bwana Utaratibu.

"Fuata utaratibu," akasema, macho kwenye simu yake.

Jumatano mzee akaleta barua. Haina muhuri. Alhamisi akaleta yenye muhuri. Nikaituma, nikapiga simu mara kumi na moja. Jibu lilelile: ombi lako linashughulikiwa.

Mfukoni kwangu hata robo ya hela ile haikuwepo. Sikuwa na ujanja.

Ijumaa alikaa kwenye kiti cha wateja tangu tunafungua mpaka tunafunga. Hakulalamika hata mara moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Akainuka. "Haya mwanangu, nawe nenda kapumzike."

Siku saba zilipotimia, akaunti ikafunguliwa. Ikaja na taarifa fupi: aliyeingiza kifo ni mfanyakazi namba fulani.

Namba yangu.

Miezi miwili nyuma, foleni ikiwa imefika mlangoni, mjane mmoja aliniletea cheti cha mumewe. Majina yote matatu sawa na ya mzee. Nikabonyeza la kwanza lililotokea. Tarehe ya kuzaliwa sikuitazama.

Nikaenda kwa Bwana Utaratibu na ile taarifa kwenye faili. Akasoma, akafunga faili.

"Kosa la mfumo," akasema.

"Bosi, ni mimi."

"Ukifungua mdomo, huna kazi. Na mimi sina. Umenielewa?"

Nina wadogo zangu watatu nasomesha. Nikamwelewa.

Kesho yake mzee akarudi, kamshika mkewe mkono. Madaktari walishaondoka. Mama alikuwa anapapasa ukingo wa dawati langu.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye."

Akanyoosha vidole, akautafuta uso wangu mpaka akaupata.

"Asante mwanangu kwa kumpigania mume wangu. Mungu akulipe sawasawa na ulivyotutendea."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki:

"Karibuni tena."

Ndugu zangu, ukikosea, sema kabla hujashukuriwa. Shukrani ikishatangulia, ukweli hauna tena pa kupita.