Mlinzi wa Misizi ya Kyamaizi

Protase alirudi kutoka Vita vya Kagera na koti la jeshi pamoja na heshima ambayo hakuipigania. Muda wote wa mapigano alilinda ghala la mafuta mjini Bukoba, na adui pekee aliyekabiliana naye alikuwa panya. Hata hivyo, kijiji chetu huku Ijumbi kilipotafuta mlinzi wa kijito cha Kyamaizi, koti lile lilionekana kuwa sifa ya kutosha.

Sheria ndogo ya kijiji ilikuwa fupi na yenye busara: mtu asilime wala asikate mti ukingoni. Mizizi ya misizi, ile miti mirefu ya ukingoni, ilizuia udongo wa mlimani usiteremkie majini, na kivuli chake kiliyaweka maji baridi mchana kutwa. Protase aliisimamia sheria hiyo kwa ukali, hasa mbele ya wanawake. Kokubanza, mjane asiye na mtetezi, alinyang'anywa jembe kwa sababu ya shina moja la magimbi.

Kisha ugonjwa ule wa kukondesha watu ukatuingilia, na majeneza yakawa mengi kuliko mbao. Kijiji kikalegeza sheria: mti wa ukingoni uliweza kukatwa kwa ajili ya maziko, mfiwa mwenyewe akiomba. Wengi wetu tuliona huruma katika maneno hayo. Protase aliona biashara. Akawa wa kwanza kufika katika kila msiba, na kabla maiti haijaoshwa alikuwa amekwisha kumwombea mfiwa ruhusa. Jeneza lilichukua mbao chache. Zilizosalia zilipakiwa kwenye gari kwenda Bukoba. Mwenyewe aliita jambo hilo kuwafariji wafiwa.

Misizi ikaanguka, kingo zikaporomoka kwa mvua, na Kyamaizi ikageuka tope la vuguvugu ambalo hata ng'ombe walilinusa kwanza. Yakabaki maji safi mahali pamoja tu, kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya misizi michache ya mwisho. Hapo ndipo Celina alipomtekea maji mumewe Datius. Homa ilipompanda, Datius alikataa uji na chai; alitaka maji ya baridi ya pale. Kokubanza naye alishukia hapohapo, kwa maana mwanawe alikuwa hajiwezi kitandani.

Datius alipofariki, Protase aliwasili asubuhi na msumeno uliofungwa kwa gunia. Alimkuta Celina ameketi ndani, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, pamoja na wanawake. Akatoa pole ndefu, kisha akaeleza kwamba mti amekwisha kuuchagua, ule mkubwa wa chemchemini. Mama aitikie tu.

"Sitaki jeneza, waitu," Celina alisema kwa heshima. "Atazikwa kwa lubugo, kama baba yake."

Lubugo, lile gome la mti linalopondwa hadi kuwa nguo, wakati huo liliachiwa mafukara. Clavery, mdogo wa marehemu, aliinamisha kichwa kwa aibu. Protase alipoona hivyo akapata nguvu.

"Ma Celina, watasema umemfunga mumeo kama mzigo wa ndizi."

"Waseme. Datius amekwisha kunywa. Mtoto wa Kokubanza bado anakunywa."

Kokubanza alimwita baba kwa adabu, lakini hakuinua hata uso. "Na hicho cha kwenye gunia kiweke nje, tata. Hapa tunamlilia mtu, hatulilii mbao."

Wanawake walificha vinywa kwenye kanga, lakini mabega yao yalitikisika. Clavery aliinuka, akaenda kutafuta lubugo.

Kwetu mtu haondoki msibani kabla ya kuzika, na Protase aliogopa kusemwa kuliko alivyoogopa dhambi. Basi akaketi juani, msumeno chini ya magoti, hadi Datius alipolazwa kibanjani kwake, katikati ya migomba, ndani ya lubugo. Mchana joto lilimzidi, akaomba maji. Kokubanza akamletea kibuyu cha maji ya chemchemini, yangali baridi. Protase alikunywa hadi tone la mwisho bila kumtazama mtu usoni, kisha akaomba mengine.