Mbwa Wako Akiugua na Huna Kitu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilidandia lori pale Kakuma, lori lililoleta mahindi kwenye kambi ya wakimbizi na sasa linarudi tupu, nikaja hapa Lodwar kumtafutia mbwa wangu daktari. Dereva aliniuliza ninaenda kumwona nani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa. "Daktari wa mbwa? Na wewe mwenyewe umekula leo?" Sikuwa nimekula. Lakini hilo sikumwambia, maana nilikuwa na kiburi, na bado ninacho, muulize mume wangu.

Ninakusimulia haya, Akiru, kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu macho yamevimba. Ukasema mbwa wako hali chochote, na daktari wa mifugo ametaja pesa ambazo nyumba yenu haijawahi kuziona mahali pamoja. Ukasema utamuuza yule mbuzi wa maziwa wa mama yako kabla mama hajarudi kutoka Kainuk, halafu liwe liwalo. Mimi nikaendelea kusuka kikapu changu, nawe ukaondoka umenuna, ukidhani sijali. Mwanangu, nilikuwa nikimkumbuka mbwa wangu. Leo basi kaa hapo kivulini unisikilize, na usinikatize.

Mbwa wangu aliitwa Lokwang, maana yake mweupe. Uongo mtupu! Alizaliwa mweupe, kweli, lakini vumbi la Kakuma lilimgeuza rangi ya ukuta wa udongo, akabaki hivyo maisha yake yote. Alikuwa mwizi. Alikula kandambili za watu, alikula ngozi ya kulalia ya nyanya yangu, na nyanya hakuwahi kumsamehe. Kila akimwona karibu na sufuria alimrushia kijiti. "Huyu si mbwa," alisema, "huyu ni mgeni asiyeaga."

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuuza kuni kambini. Kuni zilikuwa mbali, ng'ambo ya laga, ule mto wetu wa mchanga ambao maji yake huja mara moja moja na kwa fujo. Msichana hakwenda huko peke yake bila kuogopa. Mimi nilikwenda na Lokwang. Alitangulia, akanusa kila kichaka, akarudi kunitazama, akatangulia tena. Tulipofika kambini, mama mmoja Mkongo, mteja wangu, alimsalimia yeye kabla yangu. "Bwana Lokwang, habari ya kwenu?" Naye Lokwang akatikisa mkia kama mtu mwenye cheo. Usicheke. Au cheka tu, hata mimi nilikuwa nikicheka.

Akaanza kuugua. Kwanza alibaki nyuma njiani, nikadhani ni uvivu. Kisha akaacha kula, Lokwang aliyekuwa akila kandambili! Nilimfungua kinywa nikaona ufizi wake umepauka kabisa, hauna damu. Masikioni alikuwa amejaa kupe. Asubuhi moja nikakuta tone la damu puani mwake, nikalipangusa kwa shuka langu, likaja lingine.

Nilimwita mjomba wangu, kaka ya mama, mtu aliyewajua wanyama kuliko alivyowajua watoto wake. Alimminya Lokwang chini ya mbavu, akasema bandama imevimba. Akaagiza moto uwashwe.

Wewe umezaliwa hapa Lodwar, nyumba ya mabati, pengine hujaona. Kwetu mnyama akiugua, dawa isiyohitaji mfuko ni chuma cha moto. Mbuzi huchomwa, ngamia huchomwa, hata watu wazima nimewaona wakichomwa, wakapona, au wakasema wamepona ili wasichomwe tena. Mjomba hakuwa mkatili, mwanangu. Alitaka kunisaidia kwa kile alichokuwa nacho. Lakini chuma kilipoanza kuwa chekundu, Lokwang alinitazama mimi, si chuma. Nikamlalia. Nikamwambia mjomba kama anataka kuchoma aanzie kwangu, nikamwita mchinjaji mbele ya wake zake. Mjomba akakizika chuma mchangani, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Basi ndipo nikapanda lile lori.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa kutoka huko chini tunakokuita Kenya, kana kwamba sisi tuko nje ya Kenya. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akaniuliza maswali yote: anakunywa? anakojoa rangi gani? damu imetoka lini? Kisha akaweka kalamu chini.

"Dada, dawa za serikali hapa ni za mbuzi na ngamia, na hata hizo zimeisha. Ya mbwa lazima inunuliwe, tena iagizwe Kitale. Ni pesa nyingi. Na nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Akishafika mahali pa kutoka damu puani, hata ungekuwa na hizo pesa leo, singekuahidi kitu. Rudi nyumbani. Mtoe kupe, mweke kivulini, mpe maji kidogo kidogo, usimlazimishe kula. Na ukae naye."

Mwanangu, mtu akiwa hana kitu, masikio yake huziba. Yule bwana aliniambia yote niliyohitaji kuyajua, tena bure, na mimi nikasikia neno moja tu: maskini, toka. Nilitoka pale nimekasirika. Nikaapa nitazipata hizo pesa nimwekee mezani, nione atasema nini.

Shangazi yangu alikuwa na kibanda sokoni hapa Lodwar, akiuza samaki wakavu kutoka Longech, kule ziwani. Nikamwomba kazi. Nikabeba magunia yake tangu jua likichomoza, nikafua nguo za walimu, nikateka maji ya watu. Nilinuka samaki mpaka paka wakanifuata. Siku zikapita. Kila jioni nilifunga nilichopata kwenye pindo la shuka, nikajiambia, kesho nitarudi. Kesho ikifika, kilichomo pindoni kilikuwa hakitoshi hata nusu, nikabaki. Shangazi aliniuliza, "Na huyo mgonjwa ameachiwa nani?" Nikamjibu kwa ukali kwamba ninamtafutia dawa. Nilijisikia mtu mwema sana nilipokuwa nikibeba yale magunia, sikufichi. Jasho linanitoka, mgongo unauma, basi nikadhani hiyo ndiyo huruma yenyewe.

Mwishowe nilirudi Kakuma, na sikurudi kukaa. Nilirudi kumchukua mbuzi wa nyanya. Alikuwa mbuzi mmoja tu wa maziwa aliyebaki baada ya ukame, na mdogo wangu wa mwisho aliishi kwa kikombe chake. Nilipanga kumpeleka sokoni, niongezee kwenye kile kilichokuwa pindoni, nirudi Lodwar kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nilipofika uani, nilimwona Lokwang amelala kwenye mwanya wa ua wa miiba, upande wa barabara, juani. Mbavu zote nje. Aliinua kichwa. Mkia ukagonga vumbi, kidogo hivi, ukatulia. Nilimpapasa kichwa haraka haraka, nikampita kwenda kufungua kamba ya mbuzi.

"Unaenda wapi na mbuzi?" nyanya akaniuliza. Alikuwa ameketi mlangoni na tumbaku yake shavuni.

"Sokoni. Namuuza ili Lokwang apate dawa."

"Weka kamba chini."

"Nyanya, mbwa anakufa!"

"Mimi sina macho? Weka kamba chini, uje hapa."

Nyanya yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliniambia maneno haya, na nimezeeka nayo. Alisema, "Kila siku ninamvuta mbwa wako kumtia kivulini, naye anatambaa kurudi hapo penye mwanya. Lori likinguruma barabarani anainua kichwa. Maji kwa mkono wangu anakunywa kidogo, anaacha, anatazama njia. Mimi nimemchukia mnyama huyu tangu alipokula ngozi yangu, na nimelia kwa ajili yake. Sasa umekuja, umemruka kama kigogo, unataka kwenda tena. Wewe unamtafutia dawa, au unakimbia usimwone?"

Nikasema nataka apone.

"Wewe unataka apone," nyanya akasema. "Yeye anataka ukae."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi siku hizo. Lakini nilimtazama Lokwang pale juani, naye alikuwa ananitazama, nikaiachia kamba. Nililia, mwanangu, nililia kwa sauti kama mtoto. Kisha nikambeba. Alikuwa mwepesi mno. Nikamweka kivulini, kichwa chake mapajani mwangu, nikachovya pindo la shuka kwenye maji, baada ya kuzitupa zile pesa pembeni, nikamkamulia mdomoni. Akalamba. Nikaanza kumtoa kupe mmoja mmoja, kama yule daktari alivyoniambia, na nilipokuwa nikiwatoa nilimsimulia habari za Lodwar, za samaki, za paka walionifuata. Akafumba macho. Yale masikio yalikuwa bado yananisikiliza.

Ulipofika mchana, pumzi zikaanza kukaa mbali mbali. Nyanya akaja akiburuta miguu, akachuchumaa. Unajua wazee wetu wanavyobariki: mate ya tumbaku, kifuani na kwenye paji la uso, na maneno ya kumkabidhi mtu kwa Akuj, Mungu wetu. Hubarikiwa mtoto anayekwenda safari, hubarikiwa bibi harusi, hubarikiwa mifugo ya nyumba. Mbwa, sijawahi kuona, kabla wala baadaye. Nyanya alimtemea Lokwang mate yale membamba kwenye paji la uso, akasema polepole, "Nenda vizuri. Ulitulindia msichana." Alisema hivyo tu, akabaki pale amemshika mguu. Lokwang akafa hivyo, mimi kichwani, nyanya miguuni. Ulikuwa mchana mweupe, watoto wakicheza upande wa pili wa ua.

Mjomba alikuja jioni, habari imemfikia. Mbwa kwetu hazikwi, huburutwa tu porini, na nilijua ndicho alichojia. Lakini alimtazama nyanya, akanitazama mimi, akaenda lagani kuokota mawe. Tulimfunika wote wawili. Alipoweka jiwe la mwisho akasema, "Chuma kingemsaidia." Nilimwomba radhi kwa lile neno la mchinjaji, akaitikia kwa kichwa. Kama chuma kingemsaidia au la, mpaka leo sijui, wala yeye hakujua. Alikwenda kaburini akiamini kingemsaidia.

Sasa wewe. Usimuuze mbuzi wa mama yako. Nimesema, na nitarudia: usimuuze. Ule mdomo mdogo wa nyumbani kwenu unaongoja maziwa hauwezi kujitetea, na dhambi ya kuiba kwa ajili ya mapenzi bado itakuita kwa jina. Rudi kwa yule daktari, lakini safari hii masikio yakiwa wazi. Mwambie waziwazi, mimi nina hiki tu, kwa hiki kinafanyika nini? Usione aibu. Wengi wao watakuambia la kufanya hata kama huna kitu mkononi, na siku hizi una simu, hata kupanda lori hakuna haja. Kama amesema kuna tumaini, tutazunguka mimi na wewe kwa majirani mchana kweupe, na mama yako akijua. Kama amesema hakuna, muulize kama ana njia ya kumpumzisha bila maumivu, na usimchukie kwa kulitamka. Dawa zako za kichwa usimpe, zinamuua mbwa. Mtu akikuletea chuma cha moto kwa nia njema, mshukuru, mkatalie kwa heshima, usifanye kama mimi. Na kama povu linamtoka mdomoni, anauma ovyo, anayaogopa maji, hapo usikae naye hata kidogo! Jitenge, uwaite wenye kazi hiyo, na akiwa amekuuma au kukulamba kwenye kidonda, osha kwa maji mengi na sabuni, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini umesema wako amelala tu, anakutazama. Basi nenda ukakae. Umaskini utakuambia kwamba kukaa si kitu, kwamba mtu anayependa lazima aonekane akihangaika barabarani. Usiusikilize. Kuna ugonjwa tusioweza kuulipia, mwanangu, na utakutana nao tena, kwa mbwa na kwa watu, naomba uchelewe. Ukikutana nao, fanya lililo mkononi mwako, kisha kaa chini, mguse mgonjwa wako, mwite jina. Watu wakikuambia ni mbwa tu, waambie waje kwangu, nina maneno ya kuwaambia.

Akuj akutie nguvu miguuni na upole mikononi. Akupe mifugo na mvua, akupe watoto wakuzike ukiwa mzee. Na siku utakayolala wewe, dawa imeshindikana na mlango uko wazi, akuletee mtu asiyekuwa na haraka. Haya, inuka uende kwake.