Kolani ya Kupandia Mlima

Mara ya kwanza nilipombeba mama mgongoni tukikimbia vita kuelekea milima ya Fizi, miguu yangu ilinisaliti. Kule juu baridi si ya mchezo. Mvua ilitunyeshea, misuli ya nyuma ya miguu ikakaza, nikaanguka naye kwenye matope huku watu wakitupita. Mama hakuwa anatembea tena tangu nyonga yake ilipovunjika. Tulipona kwa bahati tu. Tangu siku ile nilijua kwamba vita vitarudi, na nikaapa kwamba safari ijayo sitaanguka naye.

Shule niliyofundisha pale kijijini kwetu Lweba, kando ya ziwa, ilikuwa imefungwa, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Nikaanza kukimbia. Siku moja, katika soko la Baraka, mama mmoja anayeuza chaguwa, zile nguo kuukuu za marobota, alinichomolea suruali nyeusi ya kubana, nzito kidogo. Kolani.

"Mwalimu, kamata hii. Bazungu banavalaka kwa kukimbia mu baridi. Inashika misuli."

"Mama, hii si ya wanawake?"

"Aka! Miguu nayo iko na mwanamuke na mwanaume?"

Nikanunua. Lo, kuivaa! Nililala kitandani, nikavuta, nikatoka jasho, nikatukana. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwana yangu, uko kama mbuzi balishamuchuna, sasa banamurudishia ngozi."

Asubuhi moja baada ya mvua, upepo ukishuka kutoka milimani, nikatoka kuijaribu. Nilifuata barabara ya Baraka, nikaenda mbali, nikageuka. Nasema kweli, ile kitu inafanya kazi. Misuli ilishikwa vizuri, joto lilibaki ndani, na pale nilipozoea kuumia sikuhisi lolote. Nikaongeza mwendo. Nilifurahi kama mjinga.

Furaha ilinisahaulisha desturi yetu. Kwetu miaka ile mtu mzima hakimbii bure. Ukiona mmoja anakimbia, unakamata mtoto na sufuria, maswali utayauliza porini. Na mimi naingia kijijini mbio, mwalimu mzima, sina hata salamu.

Mwanamke wa kwanza kuniona alikuwa anatwanga muhogo. Akatupa mchi. "Balishafika!"

Basi, kijiji kizima kikamwagika kwenye njia ya mlimani. Nikawafuata nikipiga kelele, "Hakuna kitu! Ni mazoezi!" Nani anasikia habari za mazoezi? Kadiri nilivyowakaribia ndivyo walivyoongeza mbio. Ikabidi niwapite wote ili niwazuie mbele. Niliwasimamisha juu kabisa, kwenye mashamba ya muhogo, mikono nimeitandaza.

"We mwalimu, uko na wazimu?" akauliza jirani yetu mmoja, godoro kichwani, pumzi hana.

"Wazimu ni wenu! Nani alisema kuna vita?"

"Lisemwalo lipo, kama halipo, laja," akanijibu, akaweka godoro chini na kulikalia. Alikataa kabisa kushuka. Niliudhika, jamani. Watu wazima! Nilikuwa nimefungua kinywa nimtukane ndipo nikaona ni nani hayupo kati yao. Nikauliza nani amembeba mama. Kila mmoja akamtazama mwenzake.

Nilishuka ule mlima sijui vipi. Nyumba yetu iko upande wa ziwa, ya mwisho kabisa. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amejifunga kikwembe, kitenge chake cha kwendea kanisani, mikono mapajani. Aliponiona hakufurahi hata kidogo. Alikasirika.

"Nani alikuambia urudi?"

"Mama, hakuna vita. Ni mimi tu nilikuwa nakimbia."

 Akaniambia kwamba majirani waliochelewa ziwani walipopita mbio alikuwa amewaita, na mmoja alimjibu bila kusimama, "Mama, mwana yako iko mbele ya bote! Tumemuona!"

Nikaanza kulia. Nikamwapia kwamba nisingemwacha kamwe, kwamba mbio zote zile zilikuwa kwa ajili ya kumbeba yeye. Akanishika mkono ninyamaze.

"Mi nilishukuru Mungu," akasema. "Nilisema, leo mwana yangu amepata akili, ameniacha. Yeye atapona."