Siku Seva Ilipomkana Babu

Binti aliyekuwa msimamizi wa seva, kompyuta kuu ya kampuni, alijua jambo ambalo mhusika hajaambiwa: Babu Seva, mzee aliyemfundisha kazi, anaachishwa kazi leo. Bosi alimwagiza amfungie njia zote za kuingia kwenye seva kabla hajaitwa ofisini, tena asifungue mdomo.

Babu Seva alikaa dawati la pili, akinywa chai na kutania wenzake. "Programu hizi za Java kwenye seva nimezilea mimi. Zinanitii kuliko wanangu!"

Binti akaigeukia kompyuta yake. Akalifuta jina la mzee kwenye seva.

Punde mzee akaanza kugongagonga kibodi. "Mwanangu, leo seva inanikana. Hebu nitazamie, nimekosea nywila?"

Binti akamsogelea, ingawa bosi alimkataza kusema. "Hujakosea, baba. Nimekufungia mimi."