Lodi Aliyepigwa Mnada Satellite

Saa tano na dakika ishirini, Jumapili ya mavuno, nilikiona kitabu changu kwenye meza ya mnada ya kanisa letu la mtaa wa Satellite, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu.

Mimi ni mzee wa kanisa, na ndiye ninayefundisha darasa la vijana wanaojiandaa kuoana. Kitabu kilimhusu lodi mmoja, mwinyi wa Uingereza ya zamani ambaye, kufikia katikati ya hadithi, alikuwa hajafanya kazi hata siku moja, ila alikuwa amevua shati mara nyingi kuliko fundi wa mjengo. Hilo halikunisumbua. Niliacha shule kidato cha pili, na Kiingereza changu nimekipata katika riwaya kama hizo, za mitumba, kutoka kwa wauza vitabu wa kandokando ya barabara kule mjini, kamusi ikiwa pembeni. Ni elimu kamili. Najua sketi ya bibi wa heshima wa enzi hizo ilikuwa na tabaka ngapi, kwa kuwa mwandishi hakuruka hata moja. Najua pia kwamba katika majumba yale hakuna aliyewahi kulipa karo.

Shida ni majalada: kifua wazi, na mwanamke aliyezirai bila sababu yoyote ya kitabibu. Kwa hiyo kila riwaya niliivisha karatasi ya kaki, kama tulivyofanyia vitabu vya shule, na mbele nikaandika kwa herufi kubwa: HISTORIA YA UINGEREZA. Uongo hapo siuoni. Mke wangu naye hakuuona. Asubuhi hiyo, akipakia mahindi ya sadaka, aliongeza na kitabu, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, mtu mzima hawezi kusoma historia ya watu wengine maisha yake yote.

"Hii ni kitabu ya masomo," alisema mwendesha mnada, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe. "Mia mbili. Hakuna? Basi ngojeni niwasomee kidogo, muonje."

Akalamba kidole, akafungua.

"Mia tano," nikasema.

Kanisa zima likageuka. Ubahili wangu unajulikana mpaka mtaa wa jirani, Kabiria.

"Mia sita," akasema mwenyekiti wa akina mama kutoka benchi la mbele, bila kugeuka.

"Elfu moja."

"Elfu moja na mia mbili."

"Mama, historia ya wazungu utapeleka wapi?" mwendesha mnada akamtania.

"Penye mzee anapeleka. Ama ni yake peke yake?"

Watu wakacheka. Kidole cha mwalimu kilikuwa bado ndani ya kurasa, karibu mno na ile sura ya zizi la farasi. Mke wangu alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliolewa na nani. Nikataja elfu tatu na mia tano, pesa ya gesi na umeme.

Mama akapunga mkono kuniachia. Makofi yakapigwa, na mchungaji akawaombea baraka wazee wanaopenda elimu.

Nje, mwenyekiti alinikuta nimekikumbatia kitabu.

"Baba, pole kwa kukupandishia bei. Si ni pesa ya paa ya kanisa?"

"Ni sawa, Mama."

"Kaki yako umekunja vizuri. Yangu huwa inararuka kwa kona." Akashusha sauti. "Yule muuza vitabu wetu wa kule mjini aliniambia hii umechukua wewe. Nimeingoja mwezi mzima."

"Bado sijamaliza."

"Hakuna shida. Nitaomba mama watoto wako akusaidie kumaliza."

Nilimkabidhi papo hapo, akakitia mkobani juu ya Biblia yake. Mpaka leo hajakirudisha. Nikimuuliza, husema anasoma polepole ili aelewe. Kwa hiyo sijui kama lodi alioa, wala kama alipata shati. Ninachojua ni mia moja ya kukinunua mara ya kwanza na elfu tatu na mia tano ya kukinunua tena, yaani hasara ya shilingi elfu tatu na mia sita.