Mikono Iliyoikataa Saruji

Nilikuwa fundi mwashi Kamunyonge kwa miaka mingi kabla mikono haijaanza kuniwasha. Mwanzoni nilipuuza. Fundi gani ana mikono laini? Lakini ngozi ikavimba, ikatoa majimaji, kisha ikapasuka katikati ya vidole. Kumega ugali kukawa adhabu. Mke wangu akawa ananimegea matonge.

Nikaenda kupumzika kwa mama, kijijini Nyamuswa.

"Umerogwa, mwanangu," alisema. "Wameona mikono ndiyo shamba lako."

Alinikanda kwa majani, nikapona kabisa. Nikarudi kazini nikiimba. Siku ile ile ya kwanza, nikiwa napiga lipu, mikono ikavimba hadi kwenye viwiko. Nilijificha nyuma ya lundo la mchanga nikalia.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alinibandika vipande vya dawa mgongoni, kila kimoja na kemikali yake, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Niliporudi, chini ya kipande kimoja ngozi ilikuwa nyekundu kama imeungua.

"Ni kromiamu," akasema. "Imo kwenye saruji."

"Lakini saruji nimeishikaga tangu ujana, daktari. Mbona haikunidhuru?"

"Ilikuwa inapenya kidogo kidogo. Siku moja chembe nyeupe za damu yako zikaiona ni adui. Sasa ikikugusa tu, zinaamka kupigana nayo, na uwanja wa vita ni ngozi yako."

"Hakuna sindano ya kuzisahaulisha?"

Alitikisa kichwa. "Dawa itatuliza uvimbe. Kusahau, hazisahau."

Nilijaribu glavu. Maji ya zege yaliingia kwa juu, yakatuama humo humo na jasho. Nilipozivua, ngozi ilitoka nazo. Usiku huo mke wangu alikaa kitandani akanitazama, akasema, "Baba, basi. Tutakula mihogo."

Sasa tuko kwao Kiriba, nalima shamba la baba yake. Mikono imepona, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: naitazama, mizima, haina kazi inayoijua. Damu yangu mwenyewe ndiyo iliyonifukuza kazi, nitamlalamikia nani?

Jana tajiri mmoja wa Bunda alinipigia simu. Anaanza kujenga nyumba, anasema hamtaki fundi mwingine.

"Nimesafiri, mzee," nikamwambia.

"Unarudi lini?"

Nikakata simu.